Kiti cha Kijani Nyuma ya Goli

Wiki jana tulimwacha Ildefonsi akining'inia kwenye dirisha la darasa kwa vidole vinane, kwa kuwa viwili vya kipa huyu vilivunjika msimu uliopita na havishiki kitu. Tunamwomba radhi kwa kumning'iniza wiki nzima. Sasa ashuke.

Alishuka kwa makalio.

Lakini kabla ya makalio, macho. Kwa faida ya wale ambao gazeti lao la wiki jana lilifungia maandazi: ndani ya darasa lile la shule ya msingi pale Kibondo, ambalo Jumapili hiyo liligeuzwa chumba cha kuvalia, Ildefonsi alimwona Nduwayezu, mshambuliaji wa timu yake ya Mshale ya Kasulu, ameinama mbele ya mwanamke mgeni. Mwanamke alijitanda kanga ya njano na nyeusi. Njano na nyeusi ni rangi za Radi ya Kibondo, ambao ndio maadui wa siku. Nduwayezu alimpigia makofi ya heshima, akampa kitu kizito kilichoviringishwa kitambaa cheupe, akasema kwa sauti ya chini:

"Mwambie leo nitakaa mbali na goli. Sitaki ubaya."

Mshambuliaji akae mbali na goli! Hata padri akiahidi kukaa mbali na altare, waumini watauliza ni nani aliyemnunua.

Ildefonsi alijikung'uta vumbi, akazunguka jengo, akaingia mlangoni kama mtu aliyetoka kunywa maji. Mwanamke hakuwepo tena. Kitambaa cheupe hakikuwepo. Nduwayezu alikuwa amekaa kwenye dawati la watoto wa darasa la pili, magoti yamefika kidevuni, anavaa viatu.

"Ulikuwa na nani, Nduwa?"

"Peke yangu."

"Nimesikia sauti."

"Nilikuwa nasali."

"Siku hizi mnasali kwa makofi?"

Nduwayezu alifunga kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga tena. "Ilde, kaka yangu, niulize kesho. Leo usiniulize."

"Kesho tutakuwa tumeshatolewa."

"Basi utaniuliza kwa nafasi, hutakuwa na haraka."

Sasa tueleze kwa nini kipa alitoka pale akiwa amekunja uso. Mechi ya kwanza ya mchujo, kule Kasulu, iliisha bila bao. Sare nyingine ingewapandisha daraja Radi, kwa kuwa ndio waliomaliza ligi wakiwa juu. Nduwayezu, ambaye msimu mzima alifunga mpaka makipa wa wilaya mbili wakawa wanamwamkia shikamoo, siku ile alikosa mabao ambayo mbuzi angefunga kwa pembe. Maneno yakaanza sokoni, yakafika kanisani, yakaishia msikitini: kanunuliwa.

Mtu mmoja tu alisimama mbele ya kamati. "Nduwa akiwa msaliti," Ildefonsi aliapa, "nivueni glavu na mimi."

Na mfadhili wa timu, Bwana Saady, mwenye duka la bati, misumari, chumvi na majembe pale Kasulu, alikuwa ameandaa mkataba wa kumfanya Nduwayezu mchezaji wa kulipwa, wa kwanza katika historia ya Mshale. Bao likipatikana Kibondo, mkataba. Lisipopatikana, kijana arudi Heru Juu kupanda mihogo, na jina la msaliti liote pamoja nayo.

Hayo ndiyo yaliyokuwa mabegani mwa Nduwayezu. Naye kaahidi kukaa mbali na goli.

* * *

Filimbi ikalia. Vumbi jekundu la Septemba likanyanyuka kama limeitwa.

Ildefonsi alisimama golini kwake akishuku kila kitu. Alimshuku refa, kwa sababu alikuwa amenyoa vizuri mno. Alimshuku mgeni wa miwani myeusi aliyekaa barazani mwa shule, ambaye ilisemekana ametumwa na klabu kubwa ya Dar es Salaam kutazama wachezaji. Hakuna aliyemwalika, kwa hiyo kila mtu alimshuku. Akawashuku hata watu wa magari meupe ya mashirika ya wakimbizi, waliosimama tu kula karanga.

Kisha akaona kiti.

Kilikuwa kiti cha mbao kilichopakwa rangi ya kijani, kimewekwa nyuma ya goli la Radi, mahali ambapo mtu mwenye akili hakai, kwa sababu magoli ya Kibondo siku zile hayakuwa na nyavu. Nyavu zilisemekana zimeazimwa kwenda kuvua dagaa Ziwa Tanganyika, nazo zikanogewa. Juu ya kiti alikaa mama mmoja wa makamo, amejitanda kanga mpaka puani, mgongo umenyooka kama yuko ibadani.

Ildefonsi akakikumbuka. Kasulu pia, siku ile ya sare, kulikuwa na kiti cha kijani nyuma ya goli. Na mama yule yule! Watu walicheka wakasema ni mganga wa Radi. Katibu wa timu, Mwalimu Tharsisi, akasema uganga ni ujinga, kisha akaenda kumwaga chumvi golini kwa siri.

Dakika za mwanzo tu, winga wa Mshale alimtoka beki, akamimina krosi tamu. Nduwayezu alikuwa peke yake. Goli wazi. Kipa wa Radi chini.

Nduwayezu aliuona mpira unakuja. Akaangalia goli. Akavuta bukta yake chini, kuelekea magotini, kwa mikono miwili, kama msichana aliyepigwa na upepo njiani. Akageuka pembeni. Mpira ukampita, ukaenda zake.

Uwanja mzima ukaguna.

"Amevuta bukta!" beki wa kati wa Mshale alipiga kelele. "Jamani, mmemwona? Anavuta bukta!"

"Ni ishara!" alijibu mwenzake. "Ndivyo walivyokubaliana!"

Mara ya pili alipata mpira ndani ya boksi, akautoa nje ya boksi. Mara ya tatu alikimbia vizuri kabisa hadi alipolikaribia goli, akasimama ghafla kama ng'ombe aliyeona daraja la miti, akampa pasi beki wa Radi. Beki mwenyewe alishangaa, akasema ahsante.

Mashabiki waliokuja kwa lori kutoka Kasulu wakaanza kuimba mambo yasiyoandikika katika gazeti la familia. Mmoja akabweka: "Mrudisheni Burundi alikotoka!"

Ildefonsi aliuma meno. Babu yake Nduwayezu ndiye aliyevuka mpaka. Mjukuu alizaliwa Heru Juu, akabatizwa Heru Juu. Akifunga, wanamwita mtoto wetu. Akikosa, wanamvusha mpaka.

Lakini moyoni mwake, wasomaji, kipa huyu alikuwa anauliza swali baya zaidi: kile kitambaa cheupe kilifunga nini?

* * *

Mapumziko. Sifuri kwa sifuri. Darasani palikuwa na joto la watu kumi na mmoja waliokasirika na mmoja aliyetazama sakafu.

Mwalimu Tharsisi hakuweza kuona ubao asiandike. Alichukua chaki. "Tujadili kisomi," alisema. "Ligi: mabao kumi na tisa." Akaandika. "Mchujo: sifuri." Akachora sifuri kubwa kama chapati. "Hoja yangu ni hii. Mchezaji wa kulipwa halipwi kwa mabao aliyowafunga watu wa Buhigwe siku ya mvua. Analipwa kwa siku kama ya leo. Siku ya mchujo ndiyo mtihani wa taifa, ligi ni mazoezi ya darasani. Huyu amefaulu mazoezi, mtihani kafeli. Thamani yake ni hiyo chapati."

"Mwalimu," alisema Ildefonsi, "bila hayo mazoezi tusingefika kwenye chumba cha mtihani. Nani alitufikisha kwenye mchujo? Chaki yako?"

Wachezaji wakacheka kidogo, kwa kujificha.

"Alitufikisha mlangoni atuuze!" alijibu beki wa kati.

"Ng'ombe hanunuliwi kwa maziwa ya mwaka jana," alisema Tharsisi.

"Wala hachinjwi kwa kugoma kukamuliwa mara mbili."

"Anachinjwa akionekana anakamuliwa na jirani!"

Hapo Nduwayezu alinyanyua uso. Macho yalikuwa mekundu. "Semeni tu," alisema. "Mkiwa na mtu aliyeniona napokea kitu, mleteni."

Ildefonsi alikuwa na mtu aliyemwona *anatoa* kitu. Mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe.

Ndipo Bwana Saady aliposimama. Kofia yake ya darizi ilikuwa nyeupe ajabu kwa siku ya vumbi. Sauti yake ilikuwa ya mwambao, laini, ya mtu anayeuza bati wakati wa mvua.

"Jamani, haya basi, yatosha. Mnamwonea mtoto wa watu. Mimi huyu sitamtupa, wallahi." Akaweka mkono begani kwa Nduwayezu. "Ila mwanangu, tuambiane kweli. Mkataba ule wa kwanza, wa miaka miwili, wenye chumba cha bati na baiskeli mpya, ulikuwa wa mtu anayefunga. Bei imeshuka. Si mimi niliyeishusha, ni miguu yako."

Alitoa karatasi nyingine mfukoni. Ilikuwa imekunjwa vizuri, kama iliyokunjwa tangu jana.

"Huu ni wa miaka mitano. Hauna chumba, hauna baiskeli, na hutaruhusiwa kwenda timu nyingine ila kwa idhini yangu. Mshahara utakuwepo, tutazungumza. Tia sahihi sasa hivi, na mimi nitawaambia hawa wote wanyamaze. Ukingoja filimbi ya mwisho bila bao, nauchana."

Kalamu ilikuwa tayari iko mkononi mwa Nduwayezu, na hakuna aliyeona imefikaje.

Ildefonsi alimtazama mfadhili. Alikuwa mtu mwema. Ukimtoa kipa mwenyewe, alikuwa peke yake upande wa Nduwayezu. Na bado kuna kitu kilimwasha kipa nyuma ya shingo. Mtu akikwambia ndizi zako zimeoza, kisha akautaka mkungu mzima, ushike mkungu.

"Bwana Saady," alisema, "kama hana thamani, miaka mitano ya nini?"

"Ya huruma, mwanangu."

"Huruma ya miaka miwili haitoshi?"

Saady alitabasamu mpaka meno ya nyuma. Nduwayezu aliitazama karatasi, akaitazama sifuri ubaoni, akairudisha kalamu.

"Nipe kipindi cha pili, mzee. Nikikosa, nitatia sahihi hata ukiandika miaka kumi."

"Haya," alisema Saady taratibu. "Kipindi cha pili."

Akatoka nje hadi barazani, akavua kofia, akajipepea nayo mara moja, akaivaa. Kulikuwa na joto. Hakuna aliyetilia maanani.

* * *

Timu zilibadilishana magoli. Ildefonsi alivuka uwanja na taulo lake shingoni, kwenda kusimama pale alipokuwa kipa wa Radi. Na kutoka kule, akija upande wake, alikuja nani?

Kiti cha kijani!

Kilibebwa kichwani na mwanamume mwenye fulana ya njano na nyeusi. Nyuma yake alitembea mama yule yule, polepole, kwa heshima zote. Mshale sasa watashambulia goli la kusini, na kiti nacho kinahamia kusini. Na kwapani mwa mama kulikuwa na kitu.

Kitambaa cheupe!

Damu ilimchemka Ildefonsi. Huyu hapa mganga. Hii hapa dawa. Alitaka kukimbia, amnyang'anye, aifungue mbele ya uwanja mzima. Lakini alilelewa na bibi yake kule Heru Juu, na kuna mambo ambayo magoti hufanya kabla kichwa hakijaamua. Mama alikuwa wa umri wa mama yake. Kipa aliinama, akapiga makofi.

"Mwiriwe, mama."

Mama alisimama. Naye akapiga makofi, akaitikia, akauliza habari za nyumbani, za wazazi, za mihogo, za mbuzi na za mvua, moja baada ya nyingine bila kuruka hata moja, huku refa akitazama saa na wachezaji ishirini na mmoja wakingoja. Salamu ya nchi hii ya Buha haikatizwi kwa sababu ya mpira.

"Mama," Ildefonsi alisema mwishowe, "samahani, hicho ulichoshika ni nini?"

Macho ya mama yaling'aa. Akafunua ncha ya kitambaa.

Chuma cheusi kipya, kinang'aa, bado kina mafuta ya dukani. Jembe.

"Mkwe wangu kanitumia leo," alinong'ona kwa fahari. "Shangazi yake, Esteri, ndiye kanikabidhi, yule wa kanga ya njano. Anamuoa binti yangu Winnie. Ndiye huyo anayecheza na ninyi, yule mrefu. Mimi naitwa Mama Immakulata. Lakini usiseme, baba, bado hatujatangaza."

Ildefonsi alisahau kufunga mdomo. Vumbi likaingia.

Kila mtu wa nchi ile anajua jembe la posa ni nini. Na kila mtu anajua, mpaka siku mama mkwe atakapofunua uso kwa sherehe, mkwe hamtazami usoni, hamsogelei, wala hamwonyeshi mapaja yake. Wakikutana njiani, mmoja hupisha majanini. Na huyu mama kakalishwa nyuma ya goli, mahali ambapo mshambuliaji hana budi kumkimbilia, macho mbele, bukta juu!

"Mama, kwa nini unakaa hapa lakini?"

"Kuna mtu mwema, baba. Alinileta Kasulu siku ile kwenye lori, nikakaa mbele kwa dereva. Leo tena kaniletea kiti. Anasema mama wa heshima hakai majanini na watu. Nami nitakataaje heshima ya mtu? Ila mpira wenyewe siuoni. Mkwe yupo, nimejifunika." Akacheka ndani ya kanga. "Nasikia kelele tu. Anacheza vizuri?"

"Vizuri sana, mama," alisema Ildefonsi, akaondoka mbio.

Alimkuta Nduwayezu katikati ya uwanja. Alimshika jezi.

"Mjinga wewe! Mama mkwe!"

Nduwayezu alibadilika rangi. "Nani kakwambia?"

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesemaje? Habari haijatangazwa. Na mngenicheka mpaka Krismasi. Nilimwomba shangazi anifikishie ujumbe kwamba mimi ndiye nitakayekaa mbali. Ningemwambia mama mkwe ahame kwenye kiti alichopewa kwa heshima? Mimi ni nani?"

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna. Shangazi. Na aliyeniuzia jembe, alinidodosa mpaka nikasema ni la nini."

Refa alipuliza filimbi ya kuwaharakisha. Ildefonsi hakuwa na muda wa kufikiri juu ya majembe. Alikuwa anavua suruali.

Msishtuke. Kipa huyu alivaa bukta, na juu ya bukta suruali ndefu ya michezo, kwa sababu ya changarawe za Kibondo. Aliivua pale pale. "Vaa."

"Mshambuliaji na suruali?"

"Mapaja yako yafiche. Sasa nijibu: ukikutana na mkwe njiani, unafanyaje?"

"Napisha. Nageuka nitazame majani."

"Basi tazama majani. Majani yako katikati ya uwanja. Goli lipe mgongo."

Nahodha wa Radi alilalamika. Refa alikuna kichwa kilichonyolewa vizuri, akasema kanuni anazozijua yeye zinakataza mchezaji kuvaa pungufu, hazikatazi kuvaa zaidi. Mpira ukaanza.

* * *

Watu wa Kibondo walicheka mpaka wakashikana. Suruali! Na kila mpira ulipokuja, kijana wa suruali aliliendea goli kinyumenyume kama kaa, uso ameuelekeza Kasulu.

"Amelewa!" walisema upande huu.

"Anatukejeli!" walisema upande ule.

Mwalimu Tharsisi alifunika macho kwa kipande cha chaki. Bwana Saady hakucheka. Alivua kofia, akaivaa.

Lakini beki wa Radi, ambaye maisha yake yote aliwasoma washambuliaji kwa macho yao, sasa alikuwa anakaba kisogo. Kisogo hakisemi kitaenda wapi. Mara ya kwanza Nduwayezu aligeuza mpira kwa kisigino, ukagonga mwamba. Kicheko kikapungua. Mara ya pili alimpa winga pasi kwa bega, karibu iwe bao. Kicheko kikafa. Barazani, mgeni wa miwani myeusi alivua miwani.

Ildefonsi, peke yake kule mbali na magoti yake wazi, aliokoa mkwaju mmoja kwa changarawe na ngozi. Damu ilimtiririka. Hakuhisi.

Zikiwa zimebaki pumzi chache, Mshale walipata kona. Mpira ulipaa, ukashuka kwenye vumbi katikati ya miguu. Nduwayezu alikuwa ameuelekea uwanja, mkwe yuko nyuma yake, goli liko nyuma yake, kila kitu anachokitaka duniani kiko nyuma yake. Akainua kisigino.

Twaa!

Mpira ulipita kati ya miguu ya beki, ukampita kipa, ukapita mstari. BAO!

Na kwa kuwa nyavu ziko ziwani zinavua dagaa, mpira haukusimama. Uliendelea na safari, ukapiga mguu wa kiti cha kijani. Kiti kikaachia. Mama Immakulata akaanguka, jembe huku, kanga kule.

Shangwe zilizoupasua uwanja zikakatika ghafla. Nduwayezu aligeuka kuona bao lake, akaona alichokifanya.

Amemwangusha mkwe!

Alikimbia hatua tatu kwenda kumwinua. Akakumbuka. Haguswi. Hatazamwi. Na kanga haipo kichwani, uso wa mama uko wazi juani! Kijana akapiga magoti penye mstari wa goli, akavuta jezi juu akafunika kichwa chote, akaanza kupiga makofi ya kuomba radhi, kipofu ndani ya jasho lake.

Mashabiki wakamwagika uwanjani. Mgeni wa Dar alishuka barazani, anakuja mbio, mkono umetangulia. Mtu aliyefunga bao lile akiwa amevaa suruali hakuhitaji tena kujadiliwa ubaoni.

Lakini kofia nyeupe ilikuwa imefika kwanza.

Bwana Saady alichuchumaa kando ya Nduwayezu. Akaweka karatasi juu ya mpira, na kalamu katika mkono unaopiga makofi. Sauti ya bati wakati wa mvua:

"Mwanangu, mama mkwe wako kakasirika. Tia sahihi hapa. Ni karatasi ya kumwomba radhi."

"Ndiyo, mzee," ilisema jezi. "Iko wapi?"

Mama Immakulata alikuwa ameshainuliwa na wanawake. Hakuumia. Alijitanda kanga, akaokota jembe lake, akaokota vipande viwili vya mbao ya kijani, akamgeukia mtu wa kofia kwa unyenyekevu wa mgeni aliyevunja chombo cha mwenyeji. Akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye magari meupe:

"Baba mwema, nisamehe sana. Kiti chako kimevunjika."

Kiti *chako*?

Mwalimu Tharsisi alidondosha chaki. Na kule upande wa pili wa uwanja, kipa mwenye magoti ya damu alisikia neno hilo, na ghafla akili yake ikafika dukani Kasulu: bati, misumari, chumvi na majembe! Aliyeuza jembe ndiye aliyeleta kiti. Aliyeishusha bei ya Nduwayezu ndiye aliyekuja kumnunua kwa bei ya kushuka, kabla mtu wa Dar hajafika.

"Nduwa!" alinguruma. "Usiandike! Nduwaaa!"

Shangwe zikaimeza sauti yake. Akatimua mbio.

Uwanja wa mpira ni mrefu, wasomaji, hasa ukiuanzia golini. Ildefonsi alikuwa bado hajafika katikati, na kalamu ilikuwa imekwishaandika N. Ila mzee mmoja wa Heru Juu, miaka ishirini na mbili iliyopita, alimpa mjukuu wake jina lenye herufi tisa.